Migomba Yako Ilikuwa na Miguu

Mpendwa Baba Mkwe,

Ningeanza kwa kukujulia hali, kama ninavyowafundisha wanafunzi, lakini hali ya mtu aliyezikwa miezi mitano iliyopita inajulikana. Hali inayostahili kuulizwa ni yangu, na kwa kuwa hakuna anayeniuliza naisema mwenyewe: siko vizuri. Naenda shule, nafundisha, narudi na madaftari yangu. Nikifika nyumbani nakaa palepale kibarazani ulikozoea kunisikia, na ng'ambo hakuna mtu anayekohoa.

Barua hii ni ya wazi. Nimeiandika kwako lakini sitaifunga kwenye bahasha, maana nataka wanao waisikie, na yeyote wa hapa kwetu Bujonde mwenye masikio. Kwa hiyo vumilia nikieleza mambo unayoyajua, ili wasiotujua waelewe ilikuwaje mimi na wewe tukaishi kiwanja kimoja miaka kumi na tisa bila kuonana uso kwa uso.

Mimi ni mtu wa Singida. Nililetwa Kyela na barua ya kupangiwa kazi, mwalimu wa historia mwenye sanduku moja la bati. Kwetu mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama. Hapa nilikuta watu wanaoshangaa jua. Mwaka wa pili nikaolewa na Ambakisye, mwanao wa pili, mwenye duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki pale Mbugani. Ndipo shangazi zake waliponikalisha chini wakanifundisha *ukutila*. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Hazungumzi naye. Wakikutana njiani ghafla, mwanamke anaingia hata kwenye mpunga, na matope yake, mpaka mzee apite. Siku hizi nyumba nyingi zimeacha. Hapohapo Bujonde kuna watu wanakula meza moja na wakwe zao. Nyumba yako haikuacha. "Sisi ni wa zamani kidogo," mkeo aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi na kujisifu kwa wakati mmoja.

Nilichukia, Baba. Nilikulia bila baba, na msichana mjinga niliyekuwa alidhani kwamba akiolewa atapata mmoja. Nikapata uzio wa mianzi kati ya nyumba yangu na yako.

Nilikujua kwa vipande. Nilijua mgongo wako kanisani, upande wa wanaume, na ile kofia uliyoivua ukiwa bado mlangoni. Nilijua kengele ya baiskeli yako. Ulikuwa unaipiga kabla ya kona ya kwenye migomba, mara mbili, taratibu, ili kama nipo njiani nipate nafasi ya kukaa pembeni bila kukimbia. Wengine walidhani unapiga kengele kwa uzee. Mimi nilijua unanipigia mimi.

Mama alipofariki, hakukuwa tena na mtu wa kukupelekea chakula. Asajile, mwanao mkubwa, alikuwa na mji wake, mbali kidogo, na Ambakisye anarudi kutoka dukani jua likiwa limezama. Nikawa naweka sahani juu ya kigoda kwenye kona ya uzio, nakohoa, naondoka. Nikirudi kuchukua vyombo nakuta sahani imeoshwa. Mzee wa Kinyakyusa, mtunza ghala mstaafu wa ushirika, ameosha sahani mwenyewe na kuifunika! Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na wangesema nimekuloga.

Unakumbuka siku tulipoanza kuzungumza? Ilikuwa saa kumi jioni, nasahihisha mtihani wa kidato cha pili kibarazani. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba mkutano wa Berlin uliitishwa ili kuwapatanisha Waafrika waliokuwa wakigombana. Nilikasirika mpaka nikalisoma jibu hilo kwa sauti, kwa Kiswahili, peke yangu. Ghafla nikasikia kutoka upande wa pili wa uzio:

"Gwe ng'ombe, umeyasikia maajabu hayo?"

Ulikuwa unamkatia majani ng'ombe wako mweusi, na ukaendelea kumweleza, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Wale waliokaa Berlin hawakwenda kumpatanisha mtu. Kila mmoja alikuwa anamtaka ng'ombe wa jirani, wakaona wakigombana watauana wenyewe kwa wenyewe. Basi wakakaa mezani wakamgawana, huyu paja, huyu mbavu. Mwenye ng'ombe hakuitwa."

Sheria ilikuwa haijavunjwa. Mzee alikuwa anazungumza na mnyama wake, na mwalimu alikuwa anasoma madaftari yake. Nikachukua daftari lingine, ambalo nakiri leo lilikuwa tupu, nikasoma: "Mwanafunzi huyu anauliza: mbona wenye ng'ombe hawakukataa?"

"Ng'ombe," ukasema, "mwambie huyo mwanafunzi kwamba walikataa. Ila walikataa mmojammoja."

Tangu siku hiyo nilibuni wanafunzi wengi kuliko walio kwenye rejista ya shule. Na ng'ombe yule alisoma historia ya dunia yote. Alifundishwa himaya zilivyoinuka na kuanguka. Alielezwa jinsi watoto wa wafalme walivyotoboana macho kwa ajili ya kiti, na mataifa mawili makubwa yalivyotishana miaka na miaka kwa mabomu ambayo hakuna aliyethubutu kuyatupa. Jioni ukishasikiliza taarifa ya habari kwenye redio, kesho yake unamsimulia ng'ombe vita vya jana, miji nisiyoijua, wakimbizi wenye magodoro kichwani. Ulikuwa unatamka majina ya nchi za watu kwa lafudhi yako ya Kinyakyusa mpaka nacheka na kuziba mdomo kwa kanga.

Hadithi uliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya meli mbili za ziwa letu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Mjerumani alikuwa na meli yake Ziwa Nyasa na Mwingereza ana yake, na manahodha wao walikuwa marafiki wa chupa. Wakikutana bandarini wanakunywa pamoja mpaka wanaimba. Vita ikatangazwa huko kwao. Mwingereza akapata habari mapema, Mjerumani hajapata. Mwingereza akaenda Liuli, akaikuta meli ya rafiki yake imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, akaipiga mzinga. Mjerumani akaruka kwenye kimtumbwi, anapiga kasia kwa hasira, anapaza sauti kumuuliza mwenzake: umelewa? Hapo ulikuwa unacheka mpaka kikohozi kinakushika, na ng'ombe anageuka kukutazama.

Lakini siku moja uliendelea baada ya kicheko. Ulisema babu yako alikuwa na mdogo wake, na mdogo huyo alivuka mto Songwe kwenda kuoa upande wa pili, kwa Mwingereza. Vita ilipokuja, Mjerumani akamkamata babu yako huku, akamtwisha mzigo. Mwingereza akamkamata yule mdogo kule, akamtwisha mzigo. "Na mizigo yenyewe, gwe ng'ombe, ilikuwa risasi. Kila mmoja alibeba risasi za kumpiga mwenzake." Babu yako alirudi. Mdogo hakurudi, na hakuna aliyejua kama alikufa kwa risasi au kwa kuhara damu njiani.

Sikumsingizia mwanafunzi yeyote siku hiyo. Nilisema tu, kwa sauti yangu mwenyewe: "Poleni sana."

Ukajibu, "Ndaga, ng'ombe," yaani asante.

Nimeishi na mwanao miaka kumi na tisa na nimezungumza naye mambo mengi, ada za mtoto wetu Atupele, bati la jikoni, mvua. Mazungumzo yangu halisi yalikuwa yale. Ambakisye asikasirike nikisema hivyo, na akikasirika, basi.

Tulikuwa na ubishi mmoja ambao haukuisha. Mimi, kama silabasi inavyotaka, niliamini kila vita vina sababu za msingi na sababu ya papo kwa papo, na nilizipanga ubaoni kwa namba. Wewe ulimwambia ng'ombe kwamba vita vyovyote ukivifukua, chini kabisa unakuta ndugu wawili na shamba. Nikasoma kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu anapinga, anasema kuna vita vya dini, vya biashara, vya vyeo. "Mwambie huyo mwanafunzi afukue zaidi," ukasema, na hukucheka. Nilidhani ni ubishi wa kizee tu.

Masika haya yaliyopita ulianza kushindwa. Ng'ombe alikwishahamishiwa kwa Asajile, maana mikono yako haikuweza tena kukata majani. Jioni moja mvua imekatika, nikasikia unaburuta kiti mpaka kwenye uzio. Nilisubiri umwite mtu yeyote, hata kuku. Ukasema:

"Mwalimu. Upo hapo?"

Miaka yote hiyo hukuwahi kuniita. Nilikohoa.

"Basi sikiliza, na usinijibu."

Ukanieleza habari za mdogo wako, ambaye sikuwahi kusikia akitajwa, aliyekwenda kufanya kazi migodini kusini ukiwa bado kijana. Baba yenu alikufa akiwa ameshawagawia shamba la kando ya mto, nusu yako, nusu yake, na katikati mstari wa migomba. Mdogo wako akiwa mbali, ukaanza kuihamisha ile migomba. Hukung'oa hata mmoja. Mgomba, ulinifafanulia kama vile mimi ndiye mwanafunzi, unazaa machipukizi pande zote. Mkulima anachagua lipi abakize. Wewe kila mwaka ulikata machipukizi ya upande wako na kuacha ya upande wake. Mgomba mama ukizaa na kukatwa, mtoto anasimama hatua moja mbele. Mwaka unaofuata mtoto naye anazaa. Hakuna jirani aliyeona kitu, maana mtu akitazama anaona migomba ileile, mstari uleule. Miaka tisa. Hatua kwa hatua migomba ikatembea, na nyuma yake ukapanda kakao.

"Wazungu walikuja na bunduki," ulisema. "Mimi nilitumia panga na subira."

Mdogo wako akarudi na kifua kibovu. Alisimama kwenye mstari, akaangalia mto, akaangalia migomba, akakuambia maneno machache tu: "Kaka, migomba yako ina miguu." Hakwenda kwa mtu kushtaki. Alichukua mke wake na binti yake mchanga, Tumpe, wakahamia Ikolo kwa wakweze. Akafia huko. Hukwenda kumzika, ulisema ulikuwa na homa, na haikuwa kweli.

Kisha ukaniomba. Ulisema: "Nikishafukiwa, uwaambie wanangu. Ile kakao ya kutoka mti wenye nyuki mpaka mtoni ni ya Tumpe. Mimi siwezi kuwaambia. Nimewalea nikiwaambia lile shamba ni jasho langu."

Hapo nikavunja sheria. Nikauliza, moja kwa moja, bila daftari: "Kwa nini mimi, Baba?"

Ukajibu, "Kwa sababu wewe hujawahi kuniangalia. Mtu aliyeniangalia siwezi kumwambia."

Ulikufa kabla ya mavuno ya mpunga. Wanawake walipopita kutoa heshima za mwisho, shangazi mmoja alinishika bega pale mbele ya jeneza. "Mkamwana haangalii," akanong'ona. Niliangalia. Ulikuwa mdogo kuliko sauti yako. Ulikuwa na kovu juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia, na mdomo wa Ambakisye kabisa. Nililia kuliko binti zako, watu wakaanza kuulizana huyu analia nini, hata kumjua hakumjua.

Matanga hayakuisha vizuri wanao wakaanza. Asajile alisema yeye ndiye mkubwa, shamba la kando ya mto ni lake. Ambakisye akasema yeye ndiye aliyekaa na wewe mpaka mwisho. Wakaleta kamba, wakapima, kila mmoja akakata kamba ya mwenzake. Wakaacha kusalimiana. Asajile akipita njia yetu anatazama juu kama anahesabu nazi, na hatuna mnazi. Kanisani mmoja akikaa mbele mwingine anakaa nyuma. Ikafika mahali Ambakisye analala na panga chini ya kitanda. Nilifundisha sababu za Vita Kuu ya Kwanza wiki hiyo na nikashindwa kumaliza kipindi.

Niliamua kusema. Kwenye kikao cha ukoo, wazee wamekaa, wanao wamepeana mgongo, nikasimama nikaeleza yote: migomba, machipukizi, mdogo wako, Tumpe. Nilisema kama ulivyoniambia, bila kuongeza chumvi. Nilipomaliza wazee wakatazama chini. Nikadhani ukweli umewaingia.

Mzee wa ukoo akakohoa. Hakuuliza habari za shamba. Akauliza, "Yaani wewe ulizungumza na mkweo?"

Baba, kikao kizima kikageuka. Walijadili kama nilikuona au nilikusikia tu. Kama uzio ulikuwa na matundu. Nani alianza kumsemesha mwenzake. Kama kukohoa ni kuzungumza. Mzee mmoja alisema hiyo ndiyo sababu umekufa mapema, na ulikuwa na miaka zaidi ya themanini! Nikahukumiwa kutoa ng'ombe wa kusafisha nyumba. La Tumpe halikutajwa tena hata mara moja.

Halafu nikaona kitu ambacho wewe ungekiona kabla yangu. Asajile akamgeukia Ambakisye, mara ya kwanza kwa miezi, akamwambia, "Mdogo wangu, mkeo anamdhalilisha Tata, baba yetu." Na Ambakisye akasema, "Kaka, nisamehe." Wakatoka pamoja. Wiki ile wakakubaliana kugawana shamba nusu kwa nusu, pamoja na sehemu ya Tumpe, kwa amani kabisa. Nilitaka kuwaondolea ugomvi, nami nikafanikiwa: niliwapa adui wa pamoja. Nimefundisha jambo hilo ubaoni miaka mingi, nikiwa sijui linavyouma.

Ambakisye akahamia dukani Mbugani. Alikuwa anatuma mtu kuchukua nguo zake. Wanawake kisimani walinipisha, wakimaliza maneno yao kabla sijafika. Asajile alikuja kung'oa uzio, akachukua mianzi kutengenezea vichanja vya kuanikia kakao, kwa kuwa uzio hauna kazi tena. Sasa nikikaa kibarazani naona uwanja wako wote, mlango wako, kiti chako, na hakuna wa kunizuia kuona. Nina upweke, Baba. Nilikuwa nadhani naujua upweke, mtu wa Singida katika nchi ya mvua, kumbe nilikuwa bado. Kuna siku nilisoma daftari kwa sauti mpaka mwisho, nikanyamaza, nikasubiri.

Baada ya mwezi Ambakisye alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Akasema wazee wamepata njia. Mtu aliyekufa anaweza kumjia mkamwana katika ndoto, na ndoto haina kosa, maana mtu hachagui ndoto. "Useme tu ulikuwa umelala, Mama Atu. Useme uliota. Faini ya ng'ombe itasamehewa, na mimi nitarudi nyumbani."

"Na Tumpe?" nikauliza.

"Ndoto si hati," akasema. Kisha akainamisha kichwa, akaongeza kwa sauti ndogo, "Nimechoka kulala kwenye maboksi ya matairi. Nimekukumbuka."

Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitisha ningeshindana naye. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya wazee, mimi mwalimu wa historia, mimi niliyempa mtoto wa watu sifuri kwa kuandika kwamba Berlin walikwenda kupatanisha, nikasema: "Ilikuwa ndoto."

Wakapumua wote. Mzee wa ukoo akaniita "binti yangu." Ambakisye akarudi jioni hiyohiyo na nguo zake kwenye pikipiki. Tumeishi vizuri wiki mbili. Ananiletea mbasa, samaki wa ziwani, anauliza habari za shule. Nami nikilala pembeni yake najisikia mpweke kuliko nilivyokuwa peke yangu, kwa sababu zamani nilikuwa peke yangu na wewe, na sasa nimekugeuza ndoto. Miaka kumi na tisa yote imekuwa usingizi wa mwanamke. Kengele ya baiskeli, sahani ulizoziosha, ng'ombe aliyeambiwa ndaga, vyote nimevikana kwa neno moja ili nipate mtu wa kula naye.

Kesho Jumatatu wanaleta fundi wa kuweka nguzo za saruji shambani, kutoka mti wenye nyuki mpaka mtoni. Wakishaziweka, watoto wa watoto wao watasema mpaka ulikuwa hapo tangu enzi.

Kwa hiyo nasema hapa, nikiwa macho: haikuwa ndoto. Ulikuwa umekaa kwenye kiti, mvua imekatika, na mimi nilikuwa nimekaa kibarazani na kalamu nyekundu mkononi. Ulisema na nilisikia. Ulimdhulumu mdogo wako, na uliniomba niseme. Wanaodhani ninakuchafua wajue kwamba jambo zuri kuliko yote nililowahi kusikia kutoka kwako ni lile la aibu. Hadithi za manahodha kila mtu anaweza kuzisimulia.

Jana nilikwenda Ikolo. Tumpe alikuwa anapepeta mpunga aliovuna kwenye shamba la kukodi. Nilimpa nakala ya barua hii, tofauti na hii kwa mistari michache tu. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga. "Baba alikuwa anasema migomba ina miguu," akaniambia. "Tukadhani ni homa inaongea." Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akauliza, "Wifi, sasa wewe utakaa wapi?"

Nilimsaidia kupepeta mpaka jua likaanza kuchoma, tukanywa chai, nikarudi. Kesho asubuhi yeye na mwenyekiti wa kitongoji chao watakuwa shambani kabla ya fundi wa nguzo. Nami nimeahidi kuwepo, kueleza nilichosikia.

Leo ni Jumapili. Tumetoka kanisani, na wanao wanakula kwangu, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu ufariki. Nimewapikia wali na mbasa. Nimekaa jikoni naandika mstari huu juu ya gunia la mchele, na ninawasikia sebuleni. Asajile anasimulia jinsi ulivyomchapa kwa kuiba miwa, Ambakisye anacheka kicheko ambacho sijakisikia mwaka mzima. Ni ndugu hasa wakicheka, Baba. Ungewapenda.

Wakimaliza kula nitawapelekea maji ya kunawa. Kisha nitakaa nao mezani, nitawaangalia usoni, nitawasomea.

Mimi mkamwana wako,
niliyekusikia nikiwa macho.